Anayelipwa Mzigo Ukilala

Kurasini hakuna asiyejua kwamba mzigo ukilala, kuna mtu anaingiza pesa. Kontena likishushwa hupewa siku chache za bure, zikiisha storeji inaanza kuhesabiwa. Haijali kama karatasi hazijakamilika, kama wakala wa forodha hapokei simu, au kama ni Ijumaa jioni na mfumo uko chini. Pita barabara za ndani, kule malori yanakopanga foleni, uchungulie kwenye geti la bandari kavu yoyote: makontena yamebebana, mlinzi yuko kwenye kiti cha plastiki na redio yake. Mlinzi ana mshahara wake wa mwezi, kontena lilale lisilale. Dereva aliyelileta alishalipwa tripu yake, yuko Mbagala anakula wali. Mwenye kontena ndiye anayelipa. Anayepokea pesa kwa sababu kitu kimelala ni mmoja tu, naye ni mwenye ua.

Siku hizi vijana wa huku wanaimbiwa pesa ya usingizini. Wimbo wenyewe unakwenda hivi: unaandika makala kwenye tovuti ambayo mwenye nayo ameahidi kugawana nawe mapato ya matangazo. Unaandika mara moja tu. Makala inabaki mtandaoni miaka na miaka, watu wanaifungua, matangazo yanaonekana, na asilimia yako inaingia hata ukiwa umelala. Ukiandika makala kumi unapata hela ya chai, ukiandika mia unaacha kazi. Nimeusikia kwenye semina za kujiajiri, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa mpangaji mwenzangu ambaye hajawahi kuandika hata barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni.

Sisemi pesa hiyo haipo. Ipo, na kuna watu imewajengea nyumba. Ninachobisha ni kwamba haikuwahi kuwa ya mwandishi. Ile ni storeji. Ni pesa ya mwenye ua, na mwandishi anaambiwa kwamba ni yake ili alete mzigo bila kutaja bei.

Nina steshenari jirani na kituo cha Uhasibu, Barabara ya Kilwa. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, najazia watu fomu za mtandaoni za kila aina. Kazi hii ina jambo moja ambalo mteja halifikirii: unasoma ya watu. Karatasi inatoka kwenye printa ikiwa imekutazama wewe, utafumba macho mara ngapi? Nimesoma hati za viwanja, barua za kuachishwa kazi, talaka. Na kwa miaka michache sasa nasoma mikataba ya waandishi.

Mmoja nausimulia. Aliuleta kijana aliyemaliza diploma hapo chuoni, anakaa Mivinjeni kwa dada yake.

“Shikamoo anti.”

“Marahaba. Ngapi?”

“Kopi mbili. Nikisaini uniskanie, niwarudishie kwa imeili.”

Tovuti ilikuwa ya hapahapa Dar, jina lake naliacha. Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu. Kifungu cha kwanza kilisema mwandishi anakabidhi haki zote za makala, milele, duniani kote. Cha pili kilisema hataichapisha mahali pengine popote. Cha tatu kilimtaka afikishe makala 30 ndipo akaunti yake ya malipo ifunguliwe. Cha nne ndicho kilichokuwa kimekolezwa wino: mwandishi atapata asilimia 40 ya mapato halisi ya matangazo yatokanayo na makala yake, baada ya kutolewa gharama za uendeshaji, kwa muda wote makala itakapokuwa hewani.

“Umeshaandika ngapi?”

“Kumi na nane.”

“Na wasomaji anawahesabu nani?”

“Wao. Wana mfumo wao.”

“Wewe unauona huo mfumo?”

“Wanatuma ripoti kila mwisho wa mwezi, anti. Sema bado sijafikisha thelathini.”

Makala zake nilizisoma baadaye kwenye simu, wateja walipopungua. Kijana anaandika vizuri. Moja inaeleza jinsi ya kusoma mita ya maji mwenyewe na namna ya kulalamika ukiletewa bili isiyoeleweka, kitu ambacho mama yeyote wa Temeke angekikunja akakiweka kwenye pochi. Nyingine inaeleza mtu aliyepoteza cheti cha kuzaliwa aanzie wapi, abebe nini, aulize dirisha gani. Kila moja ilimchukua siku nzima, nyingine siku mbili, kwa bando la kujinunulia, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Makala 18 ni kama mwezi wa kazi. Mwezi mmoja wa kufagia ua wa bandari kavu una mshahara.

Nirudi kwenye hilo la kuhesabu, kwa sababu ndilo watu wanalolipita haraka. Bandarini mzigo hauhesabiwi na mtu mmoja. Anayeshusha ana karani wake, anayepokea ana wake, kila mmoja na karatasi yake, na wakipishana hata gunia moja wanasimama wanabishana hapohapo juani. Si kwamba wanachukiana. Wanajua tu kwamba anayehesabu peke yake huwa hakosei kwa hasara yake. Mwandishi wa asilimia 40 hana karani. Anasubiri imeili ya mwisho wa mwezi imwambie makala yake ilisomwa na watu wangapi, na hana pa kusimama abishane.

Halafu kuna hilo neno “halisi”. Mapato halisi ni kile kinachobaki, na anayeamua kilichobaki ni yule aliyekula kwanza. Tufanye hesabu taratibu. Matangazo mengi ya tovuti ndogo huletwa na Google kupitia AdSense, huduma iliyoanza mwaka 2003. Mwaka 2010 Google yenyewe ilitangaza kwamba katika matangazo ya aina hiyo mwenye tovuti anapata asilimia 68 ya anacholipa mtangazaji. Kwa mgao huo, mtangazaji akitoa shilingi 100, shilingi 68 zinafika kwa mwenye tovuti. Asilimia 40 ya 68 ni shilingi 27 na senti. Hapo bado gharama za uendeshaji: seva, pango la ofisi, mshahara wa meneja, mafuta ya gari la meneja. Gharama hizo mkataba haukuziwekea kikomo, kwa hiyo zile 27 zinaweza kuwa 10, zinaweza kuwa sifuri, na kila mtu akawa ameheshimu mkataba. Kwa Kiingereza kipato cha namna hii kina jina ambalo maana yake ni masalia. Masalia baada ya nani kula, jina halisemi.

Tulikaa, yeye na mimi, tukakichapa upya kifungu cha nne. Shilingi 10,000 kwa makala, zitumwe kwa simu siku makala inapopokelewa. Haki zibaki kwa mwandishi. Tovuti iruhusiwe kuichapisha kwa miaka 2. Akautuma. Walimjibu baada ya siku mbili kwamba huo si utaratibu wao, na kwamba wapo vijana wengi wanaosubiri nafasi. Hilo la vijana wengi naliamini kabisa.

Wanaouza ndoto hii wanaizungumza kama kitu kilichovumbuliwa juzi. Ina umri wa kijana wa chuo, na kule ilikozaliwa walishaizika. Mwaka 2005 ilianza Associated Content ya Marekani, ambayo malipo yake ya wasomaji yalikuwa kama dola 1.50 kwa kila mara 1,000 makala inapofunguliwa. Mwaka huohuo Seth Godin, yule wa vitabu vya masoko, akaanzisha Squidoo. Mwaka 2006 zikafuata HubPages na Helium. HubPages iliweka matangazo ya mwandishi kwenye asilimia 60 ya mara ukurasa unapofunguliwa na ya kwake kwenye asilimia 40, ugawaji ulio wazi kuliko wa wengi, na haki yake niwape. Maelfu ya watu waliandika: mapishi, maradhi ya mbwa, jinsi ya kufunga tai, jinsi ya kuacha sigara. Waliowahi mapema walipata pesa za kweli. Ushuhuda wao ndio unaosomwa mpaka leo kwenye semina zetu, bila tarehe.

Tarehe ni hizi. Februari 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga majibu ya utafutaji, mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, na tovuti zilizorundika makala nyepesi zikashushwa chini. Mtu aliyelala na makala 200 aliamka wasomaji wamekwenda, ingawa usiku ule hakuwa amefanya lolote, si jema wala baya. Yahoo, ambayo mwaka 2010 ilikuwa imeinunua Associated Content kwa takriban dola milioni 100, iliibatiza Yahoo Voices kisha ikaifunga Julai 2014. Helium nayo ikafungwa mwaka huo. Agosti 2014 Squidoo ikauzwa kwa HubPages. Bubblews, iliyoingia sokoni mwaka 2012 ikiahidi malipo hata kwa maandishi mafupi, ilikufa mwaka 2015 huku waandishi wake wakiidai.

Tusimame kwenye hizo dola milioni 100. Bidhaa iliyokuwa imejaa kwenye ua ule ilikuwa imeandikwa na maelfu ya watu kwa senti. Siku ua ulipouzwa hakuna aliyezungumzia asilimia. Bei ilikwenda kwa wenye ua na wawekezaji wao, na walioleta mzigo wakapata tangazo la kubadilika kwa jina.

Sisi wa huku tunajua kuhamishwa. Watu wa Shimo la Udongo walipisha mipango ya serikali, nyumba zikavunjwa, wengine wakaenda Kigamboni, wengine Mbagala na mbele zaidi. Fidia waliilalamikia mpaka sauti zikakauka. Lakini neno fidia lilikuwepo mezani, kwa sababu ilitambulika kwamba mtu fulani alijenga mahali fulani. Mwandishi wa Yahoo Voices alipewa tarehe ya mwisho, basi. Na huyu wa Mivinjeni, aliyesaini “milele, duniani kote”, hata tarehe hatapewa.

Hao niliowataja waliandika Kiingereza, wengi wakiwa Marekani, na benki zao za hukohuko. Ndoto ilipofika Temeke ilikuta mageti mengine. La kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense. Kihindi chenyewe, na mamilioni yake yote ya wasemaji, kiliingia mwishoni mwa 2014. Mwenye blogu ya Kiswahili akawa ama anakataliwa, ama anachanganya lugha kwa ujanja, ama anahama lugha kabisa. Ndipo unapomkuta mtoto wa Mivinjeni anaandika kwa Kiingereza cha kamusi jinsi ya kusafisha mifereji ya paa kabla ya theluji, kwa kuwa ameambiwa mbofyo wa Mmarekani una bei kuliko wa Mtanzania. La bei ni kweli. Ila theluji ameiona kwenye filamu, na mifereji ya paa la dada yake haijawahi kuwepo.

Geti la pili ni posta. AdSense ukifikisha dola 10 unatumiwa barua ya karatasi yenye namba ya siri, ithibitike unaishi unakosema. Kwetu barua haiji nyumbani, inakwenda kwenye sanduku, na kijana wa kawaida hana sanduku. Anaomba S.L.P. ya parokia, ya shule aliyosoma, ya ofisi ya mjomba. Vijana watatu wameshatumia ya kwangu. Barua zilifika, tena salama. Kisichofika mpaka leo ni dola 100, kiwango cha chini cha kulipwa.

Geti la tatu ni kuipokea yenyewe. Tovuti nyingi za nje zililipa kwa PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania iliweza kulipa lakini haikuweza kupokea. Kenya walipokea, na tangu 2018 wanaihamishia M-Pesa. Kwa hiyo Mtanzania akawa anatumia akaunti ya rafiki aliyeko Nairobi, naye rafiki ana shida zake. Mimi hapo huwa nawauliza vijana: hiyo pesa inayoingia umelala, inaingia kwa nani?

Sasa mtu ataniambia, kama ua wa watu ni mbaya, si kila mmoja afungue wake. Ndiyo, na kuna waliofungua. Ndesanjo Macha alikuwa wa kwanza kwanza kublogu kwa Kiswahili, na blogu yake aliiita Jikomboe. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianza ya kwake mwaka 2005, na wenye kampuni wakawa wanakwenda kwake moja kwa moja na matangazo yao, kwa sababu mlango ulikuwa na jina lake. Kabla ya intaneti Ben Mtobwa aliandika riwaya na akawa mchapishaji pia, kampuni yake ikiitwa Heko. Watu hao walijua pesa inakaa upande gani wa kaunta.

Lakini ua unataka kibali. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kwenda TCRA na shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Asiye na leseni: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Juni mwaka huo hata JamiiForums, iliyokuwapo tangu 2006, ilijifungia kwa muda. Ada zilishushwa miaka iliyofuata, sawa. Ila kuna blogu zilizofungwa wakati ule ambazo hazikufunguliwa tena, na hesabu ya kijana haikubadilika sana: hana laki tano, achilia mbali milioni. Wenye milioni wakafungua tovuti, wasio nayo wakaambiwa waje waandike kwa asilimia. Sheria iliyotungwa, tuliambiwa, ili kuweka nidhamu mtandaoni, ikawapa wenye ua wapangaji wasio na pa kwenda. Sidhani kama waliotunga walilifikiria hilo. Ndivyo ilivyokuwa, hata hivyo.

Na niitaje JamiiForums kwa jingine. Pale watu wameandika kwa miaka mingi mambo ya maana sana, dawa za kuku, kesi za ardhi, magari ya kuagiza Japani, yote bure. Siwaonei huruma hata kidogo. Hakuna aliyewadanganya kwamba watalipwa. Walikuja kubishana na kusaidiana, wakapata walichokifuata. Bure iliyo wazi haina ugomvi na mimi. Hata makala hii sijalipwa na sikuahidiwa kulipwa, na nimeiandika usiku kwa hiari yangu. Ugomvi wangu ni na anayetaka kazi ya bure lakini anaona haya kuiita hivyo.

Nije kwa watu ambao hawaalikwi kwenye semina: waandishi wa simulizi. Kila mwenye Facebook anawajua. Saa mbili usiku anatupia sehemu ya kwanza, kesho ya pili, mke amekuta simu ya mume ina ujumbe, mlango unagongwa, ITAENDELEA. Ikifika sehemu ya kumi, msomaji roho iko juu, linakuja tangazo: ukitaka yote hadi mwisho ni shilingi 1,000, lipia namba hii, jina litatokea hivi, ukishalipa nitumie ujumbe wa muamala WhatsApp. Wasomi wetu wa fasihi wanawacheka. Kiswahili chao kina makosa ya tahajia, hilo kweli, na kila tajiri ndani ya hadithi zao anakaa Masaki na ana Range Rover nyeusi.

Lakini wekeni hesabu zao kando ya hesabu za asilimia. Kwa dola 1.50 kila mara 1,000, kufikisha dola 100 kunahitaji makala zako zifunguliwe karibu mara 67,000. Mwaka 2013, dola ikiwa kama shilingi 1,600, hiyo ilikuwa shilingi 160,000. Mwandishi wa simulizi anaipata kwa wasomaji 160, ukiacha makato ya mtandao wa simu. Watu 160! Hao ni pungufu ya wanaoshuka Uhasibu asubuhi moja. Na anapolipwa anajua nani amelipa, maana ana namba yake ya simu. Simulizi inayofuata anawaandikia walewale. Facebook wakimfungia akaunti leo, namba zote ziko kwenye simu yake, kesho anaanza upya WhatsApp. Hahesabiwi na mtu. Anasoma meseji za miamala mwenyewe.

Si maisha mepesi. Akishamtumia mtu mmoja simulizi nzima, usiku uleule inaweza kukopiwa na kupestiwa kwenye grupu jingine, jina lake limefutwa. Tozo za miamala zilipoingia Julai 2021, kila shilingi 1,000 yake iliguswa. Na halali na pesa ikaingia: asipoandika wiki hii, wiki ijayo hana kitu. Ndiyo maana hawaiti kipato chao kwa jina lolote la semina. Wanaita kazi.

Waendesha semina wana jibu kwa hili, nami nimelisikia mara nyingi: anza hivyohivyo ujenge jina, pesa itafuata. Jina lipi? Makala nyingi za tovuti hizi zina jina la tovuti kwa herufi kubwa na la mwandishi chini kabisa, dogo, wakati mwingine neno “Mhariri” tu. Niliyemtaja wa Mivinjeni ana makala 18 hewani na hakuna mtu Kurasini anayejua kwamba yeye ndiye aliyeandika ile ya mita ya maji, ingawa imesambazwa hadi kwenye grupu la vikoba la mtaa wetu. Ninayemwona akiamka na pesa aliyoipata usingizini ni mwendesha semina mwenyewe, anayeuza kijitabu cha PDF cha shilingi 10,000 kinachoeleza jinsi ya kuipata. Huyo anajua anachofanya: ana bidhaa yake, bei imeandikwa, lipa namba iko chini.

Na muda wa hilo “milele” unazidi kuwa mfupi. Mei 2024 Google ilianza Marekani kuweka juu ya majibu yake muhtasari unaotungwa na akili mnemba, na umeendelea kuenea nchi nyingine. Anayetaka kujua jinsi ya kusoma mita anasoma muhtasari, anafunga simu, anakwenda kwenye mita. Makala iliyotoa maarifa haikufunguliwa, tangazo halikuonekana, na asilimia 40 ya lisiloonekana kila mtu anaweza kuihesabu bila mfumo.

Wenye tovuti za hapa nyumbani huniambia, na wawili watatu ni wateja wangu, kwamba hawana mtaji wa kulipa kabla matangazo hayajalipa. Nawaamini. Muuza chapati wa Mivinjeni naye ana mtaji mdogo, lakini unga anaununua dukani kwa bei iliyotajwa, hamwambii mwenye duka kwamba watagawana faida ya chapati zitakazobaki. Kama mna shilingi 5,000 kwa makala, semeni 5,000. Kama mna 3,000, semeni, na kijana aamue kama siku yake ina thamani hiyo au aende akabebe mizigo Sabasaba msimu wa maonyesho. Kama hamna kabisa, andikeni kwenye mkataba kwamba ni bure, na mwachieni haki zake aipeleke makala kwingine. Kama mnang’ang’ania asilimia, basi mpeni asilimia ya tovuti yenyewe, ili siku mkiiuza naye aitwe, na mfungueni mfumo aone hesabu kila asubuhi kama mnavyoiona ninyi.

Mikataba yenu inaendelea kuja kaunta kwangu, nami naendelea kuisoma. Wiki iliyopita ulikuja mwingine, wa tovuti nyingine, asilimia 35. Umeandikwa vizuri, una nembo ya rangi. Nimeusoma mara mbili nikitafuta kitu ambacho duka la unga linacho ukutani kwa chaki: moja shilingi ngapi?